Akili inapogoma dojoni: dalili, vyanzo na dawa zake

Mwanafunzi wa karate yuko dojoni, ukumbi wa mazoezi, na anarudi nyuma kwenye kumite, yaani pambano la wawili. Mwalimu anapaza sauti: "Jiamini! Mbona unaogopa?" Mwanafunzi anaitikia "osu", itikio la heshima, anarudi kwenye mstari, na raundi inayofuata anakimbia vilevile. Huyo si mkaidi. Ameambiwa awe jasiri bila kuonyeshwa ujasiri unapatikanaje, na homa haijawahi kushuka kwa mgonjwa kuambiwa apoe.

Ninachoamini ni hiki: moyo wa karate hujengwa na aina ya mazoezi unayofanya kila wiki. Woga, jazba, kukata tamaa, majivuno, kila kimoja kina zoezi lililokizaa au zoezi lililorukwa. Kwa hiyo ukiona tatizo la akili, usianze na mawaidha. Angalia mwili unafanya nini, tafuta chanzo, kisha badilisha zoezi. Nimepanga matatizo kwa dalili zinavyoonekana kwenye sakafu ya dojo. Soma ile inayokuhusu, ingawa mara nyingi mtu mmoja huwa na mbili au tatu.

Kwanza kabisa: hakikisha si mwili

Nusu ya "matatizo ya akili" yanayoletwa kwa walimu ni usingizi mdogo na tumbo tupu. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu, akashinda kazini, akapanda daladala akiwa amesimama, kisha akafika dojoni bila kula kitu tangu mchana, atakuwa mzito, mkali na mwenye kusahau kata (mfululizo wa harakati zilizopangwa) anayoijua. Hapo hakuna cha kuchunguza nafsini mwake. Ale, anywe maji, alale.

Kipimo rahisi ni mapigo ya moyo ya asubuhi. Kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili chini kidogo ya kiganja upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Fanya hivyo siku kadhaa mpaka uijue kawaida yako. Siku ambayo yamepanda waziwazi, na usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu, mwili bado unadai mapumziko. Siku hiyo fanya kata za taratibu, kumite iache.

Kwa tunaofunga Ramadhani, kumite ya saa kumi na moja jioni, wakati hujanywa maji tangu daku, haikomazi moyo. Inakausha mwili na kumfundisha mtu kuichukia karate. Sogezeni mazoezi makali baada ya tarawehe, na kabla ya futari fanyeni kunyoosha viungo na kihon (mbinu za msingi) nyepesi tu.

Ukishaondoa hayo na tatizo bado lipo, endelea.

Dalili: ukirushiwa ngumi unafumba macho, unageuza uso au unaganda

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mtazame kwa karibu anayeogopa ngumi. Mdomo umebana. Mabega yamepanda karibu na masikio. Hapumui: alivuta pumzi pale mwalimu aliposema "hajime" (anza) na bado anayo kifuani. Macho yameganda kwenye glovu ya mwenzake, na glovu ikisogea tu, kope zinafunga na kidevu kinapaa. Mkono wa kuzuia unatoka, lakini umeshachelewa, kwa sababu anazuia kitu asichokiona.

Kufumba macho ni kinga ya asili. Kila binadamu aliyezaliwa na macho anafumba kitu kikimjia usoni, kwa hiyo wewe si mwoga kuliko wenzako. Aliyezoea anafumba kidogo tu na kufumbua upesi, kwa sababu ubongo wake umeshaona mamia ya ngumi zikija na kumkuta salama. Wako haujaona.

Na kwa nini haujaona? Hapa ndipo chanzo kilipo. Karate ina ngazi zake. Kuna gohon kumite, hatua tano, shambulio linajulikana. Kuna sanbon, hatua tatu. Kuna ippon kumite, shambulio moja lililotajwa, kisha jiyu ippon, ambapo shambulio limetajwa lakini wakati haujulikani na miguu inatembea. Mwisho kabisa ndipo kuna jiyu kumite, kupigana huru. Dojo nyingi zinaruka. Mtu anafanya kihon hewani miezi mitatu, kisha siku moja anapewa glovu na kuambiwa "ingia". Anakula ngumi nne za uso, na kuanzia hapo mwili wake umejifunza kwamba kumite ni mahali pa kufumba macho. Baya zaidi ni pale anayempa ngumi hizo ni mwenye mkanda wa kahawia, karibu na mweusi, anayetaka kuonekana.

Dawa ni kurudi ngazi mbili au tatu chini, bila aibu. Zoezi ninalolipenda linafanywa hivi. Simameni kiasi cha mkono mmoja. Mwenzako anarusha ngumi ya mbele polepole kabisa, kama anasukuma mlango, na kuisimamisha upana wa ngumi moja kutoka usoni kwako. Huzuii, hukwepi. Kazi yako ni mbili tu: macho yatue chini ya koo lake, pale mifupa ya mitulinga inapokutana, na kila ngumi inapokuja ushushe pumzi kwa sauti inayosikika. Mwenzako anakuangalia kope. Ukifumba, anapunguza kasi. Usipofumba mara kumi mfululizo, anaongeza kidogo.

Macho yakitua hapo chini ya koo utaona mabega yote mawili, viwiko na nyonga kwa pamoja. Bega hutangulia ngumi. Anayekazia macho glovu anaona shambulio likiwa limeshafika, anayetazama kifua analiona likianza. Na pumzi inayotoka haiwezi kukaa na mabega yaliyopanda, jaribu mwenyewe sasa hivi hapo ulipo.

Dakika tano za zoezi hilo mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha. Baada ya hapo ongezeni kuzuia, kisha kuzuia na kujibu, kisha miguu itembee. Ukifika kwenye kumite huru, anza na yenye mipaka: mmoja ana ngumi ya mbele tu, mwingine ana kuzuia na gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) tu. Ubongo ukiwa na mambo mawili ya kushughulikia unapata nafasi ya kuona. Ukiwa na ishirini unaganda.

Wewe mwalimu unayesoma hapa, usimpange mtu wa namna hii na wenye sifa ya kupiga. Mpange na mkubwa mwenye mkono mtulivu. Kila dojo lina mmoja, mara nyingi ni dada au mzee ambaye hana cha kuthibitisha kwa mtu.

Dalili: ukiguswa tu, jazba inapanda

Umekula ngumi safi ya tumbo. Sekunde inayofuata unamvamia mwenzako, mikono inaruka ovyo, husikii mwalimu anasema "yame" (simama). Au jazba yako ni ya kimyakimya: unangoja nafasi umrudishie, na unamrudishia kwa nguvu mara mbili. Njiani kwenda nyumbani bado unapiga hesabu ya nani alimpiga nani.

Chanzo cha kwanza ni kwamba hamkukubaliana nguvu. Mmoja amekuja kugusa, mwingine amekuja kupiga, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye mchokozi. Ugomvi mwingi wa dojoni umeanzia hapo, na dawa yake ni maneno matano kabla ya kuanza: "Leo usoni tuguse, tumboni wastani." Semeni kwa sauti, kila raundi, hata kama mnajuana miaka. Atakayezidisha anaambiwa papo hapo, "punguza", na anaitikia bila kujitetea.

Chanzo cha pili ni aibu. Maumivu ya ngumi ya tumbo yanaisha haraka. Kinachochoma ni kwamba watu wameona. Hapa tuna desturi ninayoipendekeza kwa kila dojo: aliyepigwa ndiye anayetangaza. Ngumi ikiingia sawasawa, aliyepigwa anainua mkono na kusema "imeingia", anarudi hatua mbili, anashusha pumzi, wanaendelea. Mwanzoni ni ngumu kumeza. Baada ya muda kidogo, kupigwa kunakuwa taarifa kwamba mkono wako wa kushoto ulishuka. Na anayepiga naye anajifunza, kwa sababu akizidisha nguvu hapati "imeingia", anapata "punguza" mbele ya watu walewale aliotaka wamwone.

Chanzo cha tatu ni hasira uliyokuja nayo. Bosi amekutukana, mwenye nyumba amepandisha kodi. Watu wengi wanasema karate ni mahali pa kumaliza hasira. Sikubaliani. Mfuko wa kupigia ni mahali pa kumaliza hasira, maana hauna meno ya kung'oka. Mwenzako ana mke na watoto na kesho anaenda kazini. Siku hiyo piga mfuko, fanya kata, kisha ukae ukatazame kumite ya wengine. Mwalimu mwenye busara hatakuona umekwepa.

Anayedhani nguvu isiyodhibitiwa inalipa akumbuke fainali ya uzito wa zaidi ya kilo 75 kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, ukumbi wa Nippon Budokan. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1. Akatupa teke la juu, likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran kichwani, akaanguka na kubebwa kwa machela. Waamuzi wakatoa hansoku (kuondolewa kwenye pambano) kwa Hamedi kwa kugusa kupita kiasi, na dhahabu ikaenda kwa mtu aliyekuwa amezimia. Hamedi hakuwa mtu wa jazba, na wengi walimwonea huruma, mimi pia. Lakini ndiyo kanuni ya mchezo wetu. Teke linahesabiwa pamoja na uwezo wa kulisimamisha. Kwa hiyo fanya zoezi la kusimamisha kama unavyofanya zoezi la kurusha: ning'iniza karatasi kwa uzi, rusha teke kwa kasi yako yote, karatasi itikisike kwa upepo bila kuguswa.

Dalili: mazoezini simba, mashindanoni hujulikani

Dojoni unawasumbua wote. Siku ya mashindano miguu mizito, mdomo mkavu, mikono inatetemeka, na mbinu zako zote zimebaki nyumbani. Dakika 3 zinaisha kabla hujaelewa kilichotokea. Tunasema "amepaniki" au "aliikamia sana mechi", na mara nyingi yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja.

Kutetemeka, mdomo mkavu na kwenda chooni mara tatu ni kazi ya adrenalini. Mwili unajiandaa. Bingwa naye anatetemeka. Tofauti ni kwamba yeye anaijua hali hiyo na haitafsiri kama ishara ya kushindwa. Adrenalini inaondoa vitu vidogovidogo, ustadi wa vidole, mbinu ndefu za hatua nne, na kuacha vile vilivyorudiwa mara nyingi mno. Kwa hiyo nenda mashindanoni na mbinu mbili. Mbili tu, ambazo mwili unazirusha hata ukiamshwa usingizini. Anayeenda na kumi atasimama katikati ya ulingo akichagua.

Chanzo kikubwa ni kwamba mazoezi yako hayafanani na mashindano. Dojoni unapigana na watu walewale wanne ambao unajua hata wanavyokohoa. Hakuna mwamuzi, hakuna ubao wa pointi, ukikosea unarudia. Mashindanoni mpinzani humjui na nafasi ni moja. Basi leteni mashindano dojoni. Mara moja kwa wiki mbili pangeni pambano moja kamili: mwamuzi, saa, watu wamekaa pembeni wanapiga kelele, kila mtu anapigana mara moja tu na hakuna marudio. Alikeni dojo la jirani. Kisha fanyeni mazoezi ya hali ngumu: mmoja aanze akiwa nyuma 0 kwa 3, zimebaki sekunde 30. Mwingine aanze akiwa na senshu (faida ya aliyetangulia kupata pointi) na pointi zimelingana, akijua kwamba ikiisha hivyo ameshinda, kwa hiyo afanye nini? Asiyewahi kuwa nyuma mazoezini akiwa nyuma mashindanoni anadhani dunia imekwisha.

Dakika kumi kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, ishushe ukihesabu 6 au 8. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia hupunguza mapigo ya moyo. Ifanye hivyo kila siku mazoezini ili siku hiyo isiwe ngeni. Na usikae kutazama ratiba kuhesabu utakutana na nani robo fainali. Kukamia kunaanzia kwenye ile karatasi.

Neno kwa wazazi. Mtoto wa miaka tisa yuko ulingoni na mama au baba yuko pembeni anapiga kelele, "Mpige! Mpige! Mbona unalala?" Mtoto sasa ana wapinzani wawili. Nimeona watoto wakigeuza kichwa kumtafuta mzazi katikati ya pambano, na teke likawakuta hapo. Mshangilie kwa jina lake, inatosha. Mkiwa njiani kurudi nyumbani muulize kama amefurahia na kama ana njaa. Makosa yake atayasikia kwa mwalimu.

Dalili: umedumaa, huoni unachoongeza

Hii huwakuta sana wa mkanda wa bluu na wa kahawia. Mwanzoni kila wiki kulikuwa na kipya. Sasa ni kata zilezile, kihon ileile, na unajiona umerudi nyuma. Wengi huacha hapa, wakisema "nimebanwa na kazi".

Mara nyingi kilichotokea ni kwamba jicho lako limekua kuliko mwili wako. Ulipokuwa mkanda mweupe ulikuwa na makosa mengi kuliko sasa, ila hukuyaona. Sasa unaona goti linaingia ndani kwenye zenkutsu-dachi (msimamo wa kukunja goti la mbele), unaona bega linatangulia nyonga. Unaumia kwa sababu umejifunza kuona. Jirekodi kwa simu leo kata moja, uihifadhi, na baada ya miezi mitatu urekodi tena kata ileile. Usijipime kwa kumbukumbu, kumbukumbu ni kipimo kibovu sana cha mazoezi.

Chanzo kingine ni kurudia unachokiweza. Mwenye teke zuri anafanya teke kila siku, mguu wa kulia, kwa sababu linapendeza. Chagua kitu kimoja usichokiweza, kimoja tu, kikae mwezi mzima kwenye daftari lako. "Mwezi huu: mguu wa kushoto, mae-geri (teke la mbele), nyonga isirudi nyuma." Kila baada ya mazoezi andika mstari mmoja.

Kama kinachochosha ni kata, huenda hujawahi kuonyeshwa matumizi yake. Mikono inayozunguka hewani bila kujua inashika nini itamchosha yeyote. Mwombe mwalimu bunkai, yaani matumizi hayo, ya harakati tatu tu za kata unayoichukia, mfanye na mwenzako, kisha urudi kwenye kata.

Kuhusu kukaa kwenye kitu kimoja kwa muda mrefu, tuna mfano mkubwa. Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Shuri kisiwani Okinawa mwaka 1868, mwalimu wa shule ambaye ndiye aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alijifunza usiku uani kwa mwalimu wake Azato. Alirudia kata moja usiku baada ya usiku, na hakuruhusiwa kwenda kwenye nyingine mpaka mwalimu aridhike. Kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua miaka kumi. Tekki inakwenda kulia na kushoto kwenye mstari mmoja, haina hata kuruka. Anayelalamika kwamba amefanya Heian, kata za mwanzo, miezi minane aliweke hilo kichwani, kisha aingie kwenye mstari.

Dalili: mkanda umekupanda kichwani

Wewe mwenyewe huwezi kuiona hii kirahisi, kwa hiyo jikague kwa vitendo. Unachagua wa kupigana nao, na mara zote ni wepesi wako. Unawasahihisha wengine bila kuombwa. Mwalimu akifundisha kihon unasimama umekunja mikono. Ukialikwa dojo la mtindo mwingine una udhuru.

Watu huita kiburi. Mimi naona chini ya kiburi hicho kuna woga: mkanda wa juu anaogopa kuonekana amepigwa na mkanda wa chini. Kwa hiyo kumkemea mbele ya watu kunazidisha ugonjwa. Dawa ni kumrudisha mahali ambapo kukosea ni kawaida. Aende kujifunza judo miezi miwili avae mkanda mweupe, aangushwe na kijana wa sekondari. Au ajifunze kata upya kwa upande wa pili, kushoto kuwe kulia. Au apewe kundi la watoto wa miaka sita awafundishe kugeuka. Hakuna kitu kinachomwonyesha mtu mashimo ya ujuzi wake kama mtoto anayeuliza "kwa nini?"

Mikanda yenyewe haikuwa mila ya Okinawa. Funakoshi aliiazima kwa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akatoa mikanda myeusi ya kwanza mwaka 1924. Azato na waliomtangulia walifundisha na kufa bila kuvaa mkanda wowote wa daraja. Jipe muda wa kulifikiria hilo unapofunga wako.

Dalili: unakuja kwa misimu

Wiki tatu umo, miezi miwili haupo, kisha unarudi kwa kishindo, unajiumiza, unapotea tena. Usijiite mvivu. Umejiwekea kiwango ambacho maisha yako hayawezi kukibeba. Punguza ahadi: vipindi viwili kwa wiki, siku maalumu, na mtu mmoja mnayepitiana njiani. Siku usiyoweza kufika, kata moja uani kabla ya kuoga. Na ukirudi baada ya mapumziko marefu, wiki mbili za kwanza usipigane.

Dalili: umepona jeraha lakini moyo haujarudi

Goti limepona, daktari amekuruhusu, lakini kila ukitaka kurusha teke mguu unakataa. Hilo lina mantiki. Mwili unalinda mahali palipoumia na utaendelea kulinda mpaka uupe ushahidi. Ushahidi unapatikana kwa kuanzia chini: teke la usawa wa goti, polepole, ukishika ukuta. Kisha bila ukuta. Kisha kwenye pedi laini. Kisha na mwenzako unayemwamini, ambaye anajua umeumia wapi. Harakati ile ile iliyokuumiza ndiyo ya mwisho kurudi, na irudi siku ambayo hujachoka.

Lakini kama jeraha lilikuwa la kichwa, simama kwanza. Mtu aliyepigwa kichwani, kisha siku zinazofuata akawa mkali bila sababu, hana hamu, usingizi umevurugika, mwanga unamsumbua, huyo huenda ubongo wake umetikisika, na hakuna moyo wa kishujaa unaotibu hilo. Siku ya tukio asirudi kwenye kumite hata akisema yuko sawa. Akitapika, maumivu ya kichwa yakizidi, maneno yakivurugika, akapata ganzi au akasinzia isivyo kawaida, ni hospitali saa hiyohiyo. Vinginevyo apumzike siku moja au mbili, kisha apande ngazi, kila ngazi isiyopungua siku nzima: kutembea, kata bila nguvu, pedi. Kugusana kunarudi kwa ruhusa ya daktari tu. Dalili zikirudi, anashuka ngazi moja. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa namna hii "kaza moyo" anacheza na maisha ya mtu.

Dalili: kila ukiikaribia dojo moyo unakuwa mzito

Umejikagua kote, unalala, unakula, huna jeraha, na bado. Hapo angalia dojo lenyewe.

Wengine uzito wao ni wa imani. Wanainama huku nafsi inawasuta, hasa pale ukutani palipo na picha ya mwanzilishi. Sema na mwalimu wazi, faragha, kabla ya kipindi: "Sensei, nakuheshimu na ninaheshimu wenzangu, lakini kuinamia picha kunanipa shida." Kinachotafutwa pale ni adabu na utulivu wa kuanza, na mkono kifuani au kutikisa kichwa kidogo kunatosha. Nawajua walimu Waislamu na Wakristo walioyamaliza haya kwa sentensi mbili. Asiyetaka hata kukusikiliza amekupa jibu.

Kisha kuna dojo ambalo kupigwa ni adhabu. Umechelewa, unapigwa fimbo. Umeuliza swali, unawekwa na mkubwa "akufundishe". Wadogo wanatoka damu na wakubwa wanacheka. Woga unaoupata hapo una haki ya kuwepo, na zoezi la kope halitausaidia. Vivyo hivyo mwalimu anayetaka vipindi vya peke yenu na binti yako usiku, au mikono yake inapita mipaka anaporekebisha msimamo, au anayekataza wanafunzi kuongea na dojo nyingine. Mtoe mtoto siku hiyo, waambie wazazi wengine, na kama kuna kosa la jinai nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Uaminifu kwa dojo hauhusiki hapa.

Unapotafuta dojo jipya, usijiandikishe siku ya kwanza. Omba kukaa pembeni kipindi kizima. Angalia mwanafunzi dhaifu kuliko wote anatendewaje, na angalia mikanda ya juu wanapigaje wakiwa na wa chini. Angalia kama mwalimu anasikia swali. Ukiridhika, rudi na mkanda mweupe, hata kama una kahawia kwenye begi, na uvae huo mpaka mwalimu mpya akuambie ubadilishe.